Ufuo wa Diani ni mali ya umma, lakini njia ya kuufikia ni ya nani?

KWA vijana wengi wa Ukunda na vitongoji vyake, Jumapili ina safari moja. Aliyeshinda juma zima katika gereji, kibanda cha simu au duka la vifaa vya ujenzi huoga, huvaa vizuri, huwatafuta wenzake na kuelekea baharini.

Safari yenyewe si ndefu. Kutoka barabara kuu ya Likoni kuelekea Lunga Lunga hadi ufuo wa Diani ni kilomita chache tu, na matatu, tuktuk na bodaboda hazikosekani. Wasio na nauli huenda kwa miguu wakipiga soga, na pengine hao ndio wanaofaidi zaidi.

Ugumu huanza mtu anapofika kwenye barabara ya hoteli. Barabara hiyo inafuata pwani kutoka kaskazini hadi kusini, na upande wake wa mashariki bahari husikika pasipo kuonekana. Kuna ukuta, kisha lango lenye mlinzi, kisha ukuta mwingine. Mgeni aliyeshuka kwenye ndege asubuhi huingia baharini kupitia bustani ya hoteli yake. Mwenyeji aliyezaliwa kilomita tatu kutoka hapo hana budi kujua kichochoro kilipo.

Vichochoro hivyo, ambavyo wenyeji huviita tu "njia", ni vipande vyembamba vya ardhi kati ya kiwanja na kiwanja. Baadhi vina mchanga na vivuli vya miti, na mbega huruka juu yake. Vingine ni nafasi ya watu wawili kupishana kati ya kuta mbili ndefu. Kijana hufundishwa njia na kaka yake au rafiki, naye huwafundisha wengine. Njia ikifungwa, kundi zima hulazimika kutafuta nyingine.

Anayefika huko hakosi la kufanya. Kuna kandanda inayochezwa mchangani bila viatu, kuna wanaojifunza kuogelea kwa mipira ya ndani ya magurudumu ya magari, na kuna wanaopanga mistari kupigwa picha, kazi ambayo zamani ilikuwa ya mpiga picha mwenye kamera yake shingoni na sasa hufanywa na kila mwenye simu. Wauzaji hupita na muhogo wa kukaanga uliotiwa pilipili na ndimu, viazi karai, mabuyu na madafu. Siku za Idd umati huwa mkubwa kupita kiasi, maana hata wakazi wa Likoni na Mombasa hufunga safari. Ni katika ufuo huo ambapo wengi walikutana na waume au wake zao, ingawa si wote watakaokiri jambo hilo mbele ya wazee.

Uzuri wa matembezi hayo hutegemea mwezi kuliko unavyotegemea kalenda ya ukutani. Katika pwani ya Kenya maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huweza kukaribia mita 4. Katikati ya vipindi hivyo huwa ni maji mafu, na tofauti hiyo hupungua sana.

Wakati wa bamvua, maji hupwa mnamo saa nne asubuhi. Ufuo huwa mpana, na mtu huweza kutembea mbali kuelekea mwambani akitazama kaa na samaki wadogo waliobaki katika vidimbwi. Ifikapo saa kumi jioni, ambayo ndiyo saa hasa ya matembezi ya Jumapili, maji yamejaa hadi juu. Mahali ambapo kuta zimejengwa karibu mno na bahari, mawimbi huzipiga, na hakuna mchanga wa kukanyaga. Wenye uzoefu huchagua Jumapili ya maji mafu.

Jambo hili la maji ndilo kiini cha suala zima la kisheria. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 62, inasema kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Ardhi hiyo imo mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi, na husimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Kwa hivyo hakuna hoteli inayomiliki mchanga ulio mbele yake unaofikiwa na maji, hata kama imepanga vitanda vya kuotea jua hapo. Mlinzi anayemwambia kijana aondoke kwenye mchanga huo hana sheria nyuma yake.

Hata hivyo, ukiusoma mstari huo kwa makini utaona mtego wake. Mali ya umma inaanza pale maji yanapoishia yakiwa yamejaa. Katika saa ya bamvua kubwa, karibu mali yote hiyo huwa chini ya maji. Tena, kumpa mtu haki ya kukaa ufuoni si sawa na kumpa haki ya kupita katika kiwanja cha mwenziwe ili aufikie. Katiba imetaja ufuo na haikutaja njia.

Ilikuwaje basi pwani nzima ikawa na viwanja vilivyoshikana bega kwa bega namna hiyo? Asili yake ni ya kale kuliko hoteli. Ukanda wa maili 10 kutoka baharini ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza walipokuja kuutawala walitunga sheria ya hatimiliki za ardhi mwaka 1908. Sheria hiyo iliwataka wenye madai ya ardhi ya Pwani wayapeleke yaamuliwe, na waliofaulu wakapewa hati. Ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali.

Wadigo na Wamijikenda wengine, ambao walimiliki ardhi kwa ukoo na kwa desturi, kwa kiasi kikubwa walikosa hati hizo. Mtu aliweza kulima shamba la babu yake na bado akahesabiwa kuwa maskwota. Utalii uliposhika kasi baada ya uhuru wa 1963, hasa katika miaka ya 1970, viwanja vya kando ya bahari vilikuwa vyenye thamani kubwa kuliko vyote, na wenye hati au wenye kujua mlango wa kugonga ndio waliovipata. Ripoti ya tume ya Ndung'u kuhusu ugawaji wa ardhi ya umma kinyume cha sheria, iliyokabidhiwa serikali mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma kote nchini ilivyogeuzwa kuwa zawadi ya kisiasa.

Njia ya kwenda baharini, ambayo katika kijiji haikuwahi kuandikwa popote kwa sababu kila mtu aliijua, ilikuwa rahisi kumezwa. Ramani mpya haikuionyesha, na ua ukapandwa juu yake.

Mwenye hoteli naye ana hoja zake, na si haki kuzipuuza. Wageni hulalamika wakisumbuliwa na wauza vinyago na safari za mitumbwi. Usalama nao umeigharimu Pwani Kusini: baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997, watalii walitoweka na maelfu ya vijana hao hao wa Ukunda wakapoteza kazi. Lakini ukuta haumchagui mwizi na kumwacha mwanafunzi wa chuo aliyekuja kupunga upepo. Kijana mweusi asiye na sare ya hoteli wala kamera ya kitalii huchukuliwa kuwa mchuuzi au mbaya zaidi, na huulizwa anakokwenda katika ardhi ambayo Katiba inamwambia ni yake.

Ndiyo sababu sehemu chache zilizobaki wazi zinapendwa mno. Ya kwanza ni Kongo, kaskazini mwa Diani, mahali mto Mwachema unapoingia baharini. Hapo upo msikiti wa kale wa mawe ya matumbawe, uliojengwa karne nyingi zilizopita na ambao bado unaswaliwa, ukizungukwa na mibuyu mikubwa. Maji yakipwa, vijana huvuka mdomo wa mto kwa miguu hadi upande wa Tiwi. Wasiojua saa za maji hujikuta wamekwama ng'ambo, na kuvuka tena maji yakiwa yanajaa ni hatari isiyofaa kujaribiwa na asiyejua kuogelea.

Kusini zaidi, Kinondo, upo msitu wa Kaya Kinondo, ambao ni miongoni mwa makaya ya Wamijikenda yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Huko matembezi yana adabu zake. Mgeni hujifunga kaniki, hufuatana na mwelekezi, na haruhusiwi kutoka na chochote, hata jani. Vijana wa leo huenda huko mara chache, wengi kwa ziara ya shule, na ni hasara yao. Ni msitu ulioponea palepale ambapo miti mingine ya ufuo ilikatwa kupisha majengo, nao uliponea kwa sababu wazee walisema hauuzwi.

Gazi ina mfano mwingine. Wanawake wa kijiji hicho wana njia ya mbao iliyojengwa juu ya matope, inayopita kati ya mikoko, na wanaoizuru hulipa ada inayorudi kijijini. Hapo hapo Gazi na jirani yake Makongeni ndipo ulipoanzishwa mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja, unaouza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na mikoko na kutumia mapato katika maji na shule. Mradi huo ulipata tuzo ya Equator mwaka 2017. Kwa kijana anayetaka kumpeleka mtu mahali penye utulivu bila kuulizwa na mlinzi, Gazi inafaa.

Msambweni, takriban kilomita 50 kusini mwa Mombasa, bado ina sura ambayo Diani iliwahi kuwa nayo. Hoteli ni chache, na mtu hutoka nyumbani, akapita kati ya minazi na nyumba za watu akisalimia, na kufika baharini penye ngalawa na mitumbwi ya wavuvi. Matembezi ya jioni huko hayahitaji mpango wala nauli. Wavuvi ndio walinzi wa njia hizo, maana njia ikifungwa samaki hawafiki sokoni, na kelele ya wavuvi husikika upesi kuliko ya vijana wanaotaka kutembea. Lakini viwanja vya Msambweni navyo vinauzwa, na anayetaka kujua mwisho wa mambo hayo hana haja ya kwenda mbali zaidi ya Diani.

Wapo pia wanaoipa bahari kisogo na kupanda Kwale mjini, ambako hewa ni baridi kidogo, hadi Hifadhi ya Taifa ya Shimba Hills iliyotangazwa mwaka 1968. Ndiyo hifadhi ya pekee nchini Kenya yenye palahala, na ndani yake yapo maporomoko ya Sheldrick yenye kimo cha mita 21. Kuingia huko ni kwa ada, na kwa wengi ni safari ya mara moja katika ujana wao. Hata hivyo lango linajulikana lilipo na bei yake imeandikwa. Baharini hakuna ada, wala hakuna lango.

Je, njia iliyofungwa yaweza kufunguliwa? Sheria ya Ardhi ya 2012 imeweka utaratibu wa haki ya njia ya umma. Serikali ya kaunti, chama au kundi lolote la watu linaweza kuwasilisha ombi kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi ili njia itambuliwe kuwa ya matumizi ya jamii ijapokuwa inapita katika ardhi ya mtu binafsi. Mwenye ardhi hupewa nafasi ya kusikilizwa, na njia ikishaidhinishwa inabaki hata kiwanja kikiuzwa kwa mwingine.

Kwa hivyo, kwa maandishi, hata timu ya kandanda ya Ukunda inaweza kuomba. Tatizo liko katika fidia. Sheria hiyo inamtaka aliyeomba njia ndiye amlipe mwenye ardhi, na bei ya kipande cha kiwanja kando ya bahari ya Diani si ya kuchangishwa na vijana wa gereji. Mwenye uwezo wa kuomba na pia wa kulipa ni kaunti, ambayo hupokea ada za leseni kutoka kwa hoteli hizo hizo, na ambayo inaweza kuanza na kazi isiyo na fidia: kupima njia chache zilizobaki, kuziwekea mawe ya mipaka na vibao, na kuziandika katika ramani kabla ya ukuta mwingine kujengwa.