Korosho zimekauka kweli? Sensa ndogo ndani ya gunia inaweza kukuambia

Korosho zimeokotwa, zimetenganishwa na mabibo, zimeanikwa juani siku kadhaa, zimeingia guniani. Kwa macho ziko safi. Lakini zikifika ghala la chama cha msingi, kipimo kinasema bado zina unyevu. Hapo kuna mawili: zirudi kuanikwa, au zishuke daraja la pili na bei ishuke nazo.

Kwa mkulima wa Tandahimba, mkoani Mtwara, hilo si jambo dogo. Korosho ndiyo ada ya shule na bati la nyumba. Na wakati mavuno yanaendelea mwisho wa mwaka, mvua nazo zinaanza kubisha hodi.

Wapo wanaotikisa korosho sikioni: iliyokauka hucheza ndani ya ganda. Njia hiyo ni nzuri, ila huwezi kutikisa gunia zima moja moja. Hapa ndipo sensa (siyo ile ya kuhesabu watu) inaposaidia. Hata asiyewahi kushika elektroniki anaweza kuiunganisha jioni moja.

Vifaa unavyohitaji

- Bodi ya Arduino Uno, kompyuta ndogo inayotosha kiganjani
- Sensa ya unyevu na joto aina ya DHT11, yenye pini tatu
- Nyaya tatu ndefu za kuunganishia
- Waya wa USB na kompyuta. Huna kompyuta? Simu ya Android yenye kiunganishi cha OTG inatosha

Jinsi ya kuunganisha

Pini ya + ya sensa iende kwenye 5V ya bodi. Pini ya - iende GND. Pini ya data iende namba 2. Kazi kwisha.

Angalizo: mpangilio wa pini hutofautiana kwa kila mtengenezaji. Soma herufi zilizoandikwa kwenye sensa yako, usifuate picha ya mtandaoni. Ukigeuza + na -, sensa inaweza kuungua.

Kisha pakua programu ya Arduino IDE kwenye kompyuta, au ArduinoDroid kwenye simu. Ongeza maktaba mbili za bure za Adafruit: DHT sensor library na Unified Sensor. Fungua mfano unaoitwa DHTtester, badilisha DHT22 iwe DHT11, tuma kwenye bodi. Ukifungua Serial Monitor kwa kasi ya 9600, namba za unyevu na joto zitaanza kutokea kila baada ya sekunde mbili.

Ipime kwa chumvi kwanza

DHT11 ni ya bei nafuu na inaweza kukosea kwa asilimia 5 juu au chini. Usiiamini hivi hivi.

Chukua chumvi ya jikoni kwenye kifuniko cha chupa, weka matone ya maji hadi iwe kama uji mzito, siyo kuyeyuka yote. Weka kifuniko hicho na sensa ndani ya mfuko wa plastiki, funga vizuri, acha usiku kucha. Sensa isiguse chumvi. Hewa iliyofungiwa na chumvi mbichi hutulia kwenye unyevu wa asilimia 75 hivi. Sensa yako ikisoma 71, jua kwamba inapunja 4, na uziongeze kila unaposoma.

Usiiweke ukutani

Hapa ndipo wengi hukosea. Sensa hii haipimi korosho, inapima hewa. Ukiitundika ukutani itakuambia hali ya chumba: asubuhi unyevu juu, mchana chini. Korosho zenyewe hujui.

Lakini hewa iliyobanwa katikati ya gunia hubadilishana unyevu na korosho hadi vilingane. Kwa hiyo ifunge sensa kwa kitambaa chepesi kuzuia vumbi, ichomeke katikati ya gunia, funga mdomo wa gunia, subiri saa kadhaa. Sasa namba unayoona inazungumzia korosho zako.

Kwa kawaida ukungu hupata nafasi hewa inapozidi asilimia 70. Kwa kuwa sensa hukosea kidogo, tumia kipimo hiki: chini ya 65, gunia liko salama. Kati ya 65 na 70, anika siku nyingine. Juu ya 70, zirudi juani haraka kabla wingu halijafika.

Usichanganye namba

Asilimia 65 ya sensa ni unyevu wa hewa, siyo maji yaliyo ndani ya korosho. Katika biashara ya korosho ghafi, kiwango kinachotajwa sana ni maji yasiyozidi asilimia 10. Hivyo ni vipimo viwili tofauti, na ghalani kinachoamua ni kipimo cha ghala.

Ila unaweza kuvioanisha. Kila gunia linapoondoka nyumbani, andika namba ya sensa kwenye daftari. Ukirudi, andika pembeni yake majibu ya ghala. Baada ya magunia machache utajua, kwa sensa yako na korosho zako, ni namba gani inapita na ipi inarudishwa. Safari ijayo utajua hilo ukiwa bado nyumbani, kabla hujalipa bodaboda.