Nyoka, Joka au Naga? Tatizo la Kufasiri Visasili vya Kihindu

1.0 Utangulizi
Afasiriye visasili vya Kihindu kwa Kiswahili hukabiliwa mapema na neno la Kisanskriti "naga". Maneno yanayomjia kwanza ni "nyoka" na "joka". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba yote mawili hupotosha maana.

2.0 Naga ni Nani?
Kwa mujibu wa kitabu cha kwanza cha Mahabharata, naga ni wana wa Kadru, mke wa Kashyapa. Huweza kujigeuza watu. Wana wafalme, na mji wao, Bhogavati, umo chini ya ardhi. Kwa asili si wema wala si waovu. Takshaka alimwua Mfalme Parikshit kwa sumu, ilhali nduguye Shesha ameibeba dunia. Vasuki naye alikuwa kamba ya kuuzungushia mlima Mandara, miungu na asura walipoisukasuka bahari kutafuta amrita, kinywaji cha kutokufa.

Janamejaya, mwana wa Parikshit, alipofanya kafara ya kuwateketeza nyoka wote, aliyeikomesha ni Astika, kijana ambaye baba yake alikuwa mtu na mama yake naga. Kwake yeye, pande zote mbili zilikuwa jamaa.

3.0 Tatizo la Tafsiri
"Nyoka" hutaja mnyama tu. Ni kweli kwamba Mahabharata mara nyingi huchanganya "sarpa" (nyoka) na "naga". Lakini Bhagavad Gita, sura ya 10, huyatenga: mkuu wa sarpa ni Vasuki, na mkuu wa naga ni Ananta, yaani Shesha. "Joka" nalo ni umbo la ukubwa. Hukuza mwili na kutia kitisho, hali hadhi ya naga haitokani na ukubwa wake.

Aidha, msomaji aliyezoea kisa cha nyoka wa Edeni atadhani anasoma habari za Ibilisi. Hivyo, sikukuu ya Naga Panchami, ya mwezi wa Shravana (Julai-Agosti), ataiona kuwa ni ibada ya shetani. Kosa hilo la msamiati huwadhulumu waumini, ambao baadhi yao ni raia wenzetu.

4.0 Hitimisho
Tunapendekeza "naga" likopwe, na "nyoka" libakie tafsiri ya "sarpa". Silabi zake ni wazi, hivyo fonolojia ya Kiswahili hailikatai. Upatanisho wake uwe wa viumbe hai: naga huyu, naga hawa. Kwa njia hiyo sarufi yenyewe itamkumbusha msomaji kwamba anayezungumziwa ana nafsi.