Mbu wa kubuni, vyandarua vya kweli

Mwaka 2020 jarida la kisayansi la PLOS ONE lilichapisha kazi ya watafiti walioichukua Tanzania Bara nzima, halmashauri 184, wakaiingiza kwenye kompyuta. Kila halmashauri ilipewa watu wake wa kubuni, mbu wake na vyandarua vyake, kisha likaulizwa swali moja: tukigawa hiki na kuacha kile, malaria itakuwaje baada ya miaka michache? Halmashauri ya Mji wa Babati, mkoani Manyara, ilikuwamo, kwa hiyo na kata yake ya Sigino ilikuwamo, ingawa haikutajwa kwa jina. Kazi hiyo ilifanywa pamoja na wataalamu wa Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Malaria, ili isaidie kupanga ni halmashauri ipi ipate nini.

Programu iliyopiga hesabu hizo inaitwa OpenMalaria, na ilianzia katika Taasisi ya Uswisi ya Afya ya Jamii na Tropiki, mjini Basel. Ni programu huria. Msimbo wake uko wazi chini ya leseni ya GPL, na yeyote anaweza kuusoma, kuubadilisha na kuugawa kwa masharti yaleyale. Modeli za magonjwa wengi wetu tulizisikia wakati wa UVIKO-19, lakini ni wachache walioelezwa kinachoendelea ndani yake na nani anayekiendesha. Naieleza OpenMalaria kwa kutumia Sigino kwa makusudi, kwa kuwa mahali penye malaria kidogo ndipo kazi ya mwandishi wa programu inapopimwa kwa ukali zaidi.

Ndani ya OpenMalaria hakuna mstari unaosema kwamba chandarua hupunguza malaria kwa kiwango fulani. Kuna watu mmoja mmoja, kila mmoja na umri wake. Katika toleo lake la msingi programu husogeza muda kwa hatua za siku tano tano. Katika kila hatua huuliza: huyu ameumwa na mbu mwenye vimelea? Kama ameambukizwa, vimelea vimefikia wingi gani katika damu yake? Kinga aliyoijenga kwa maambukizi ya nyuma inatosha kuvizuia? Amepata homa? Amekwenda zahanati, na dawa aliyopewa imefanya kazi? Vyandarua navyo huchakaa, hutoboka na kupoteza dawa kadiri miaka inavyopita. Nafuu inayoletwa na chandarua hujitokeza yenyewe kutokana na maelfu ya matukio hayo madogo, kama inavyojitokeza mtaani.

Majibu ya maswali hayo hayakutungwa. Sehemu kubwa yake ilitoka Tanzania, katika bonde la Kilombero, ambako kituo cha utafiti cha Ifakara kimefanya kazi tangu miaka ya 1950. Katika kijiji cha Namawala, mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti walikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Sehemu nyingine ilitoka Marekani, katika kumbukumbu za wagonjwa wa kaswende ya ubongo walioambukizwa malaria kwa makusudi, kwa kuwa homa yake ilikuwa ndiyo tiba iliyojulikana kabla ya penisilini kuenea. Vimelea katika damu yao vilihesabiwa siku baada ya siku, na hesabu hizo ndizo zinazoifundisha programu jinsi ambukizo moja linavyopanda na kushuka. Takwimu zilizopatikana kwa mateso ya watu kiasi hicho hazistahili kufungiwa katika programu ambayo wengine hawaruhusiwi kuifungua.

Sigino si Namawala. Mji wa Babati uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,350, na baridi ya mwinuko hubadilisha kila kitu. Kimelea hatari zaidi cha malaria, Plasmodium falciparum, hakiwi tayari kuambukiza mara tu mbu anapokinyonya. Lazima kikomae kwanza ndani ya mwili wa mbu, na kasi ya kukomaa hutegemea joto. Kanuni ya zamani inayohusishwa na mtafiti Detinova wa Urusi inasema: toa 16 kwenye nyuzi joto za mahali, kisha ugawe 111 kwa kilichobaki. Kwenye nyuzi 25 utapata siku 12 hivi. Kwenye nyuzi 20 utapata karibu 28. Mbu wengi hufa kabla ya siku 28, kwa hiyo tofauti ya nyuzi tano tu inaweza kuitenga kata yenye homa za kila wiki na kata ambako malaria huonekana kwa nadra. Ndiyo maana utafiti wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliiweka Manyara miongoni mwa mikoa ambayo chini ya asilimia 1 ya watoto wadogo walikutwa na vimelea, huku wastani wa kitaifa ukiwa karibu asilimia 7.

Mtu anaweza kudhani kwamba mahali pa namna hii hesabu ni rahisi. Ni kinyume chake. Watu hawana kinga ya kutosha, na mvua kubwa za msimu mmoja zinaweza kuleta mlipuko unaowaangusha wakubwa kwa wadogo. Zaidi ya hayo, wagonjwa wakiwa wachache, bahati ndiyo inayotawala. Rusha shilingi mara elfu moja, utapata vichwa karibu nusu. Irushe mara nne, huenda usipate hata kimoja. Namawala ni shilingi iliyorushwa mara elfu. Sigino ni mara nne. Msafiri mmoja anayerudi kutoka Tabora au Kigoma akiwa na vimelea anaweza kupona bila kumwambukiza yeyote, au akaanzisha mnyororo wa wagonjwa katika mtaa mzima. Programu ikiendeshwa mara moja tu kwa eneo kama hili, jibu lake halina thamani. Lazima iendeshwe mara nyingi, kila mara kwa bahati tofauti, ndipo tuone ni mara ngapi mlipuko umetokea na ni mara ngapi haukutokea.

Kompyuta, hata hivyo, haina bahati. Hufanya inachoambiwa. Kinachoitwa nambari nasibu ni mfululizo unaotokana na kanuni ya hesabu, na huanzia kwenye nambari moja ambayo waandishi wa programu huiita mbegu. Mbegu ileile huzaa mfululizo uleule, na mbegu tofauti huzaa mfululizo tofauti. Kanuni hiyo ikiwa mbovu, au mbegu zikitumiwa ovyo, watu wa kubuni wataumwa na mbu kwa mpangilio uliofichika, na hakuna jicho litakalouona katika grafu ya mwisho. Ikiwa nzuri, mtafiti wa Arusha anaweza kuchukua faili na mbegu za mtafiti wa Basel akapata jibu lilelile.

Hapa ndipo mwandishi wa programu anapoingia, na hapa ndipo jina lake linaposahaulika. Mmoja wa waandishi wa OpenMalaria ni Diggory Hardy. Mwaka 2012, akiwa na watafiti Nakul Chitnis na Thomas Smith, aliandika makala katika jarida la Bulletin of Mathematical Biology iliyoeleza modeli ya mbu wanaoongezeka na kupungua kwa misimu, na namna ilivyounganishwa na modeli ya watu mmoja mmoja. Katika hesabu zao, vyandarua vilipunguza maambukizi zaidi kuliko upuliziaji wa dawa ukutani. Upuliziaji ulifikia kilele cha manufaa yake ndani ya miaka miwili, lakini vyandarua vilihitaji kampeni mbili za ugawaji kwa miaka kadhaa. Njia zote mbili kwa pamoja zilishinda kila moja peke yake. Ukiwa afisa wa afya mwenye bajeti ndogo, matokeo hayo yanakuonya usikihukumu chandarua kwa mwaka mmoja. Hardy huyohuyo ni miongoni mwa watunzaji wa rand, maktaba huria ya nambari nasibu katika lugha ya programu iitwayo Rust. Kwangu hilo linaeleweka vizuri: aliyewahi kuitunza modeli inayotegemea bahati hujua uzito wa bahati iliyopangwa sawasawa.

Sehemu kubwa ya kazi ya aina hii haina shangwe. OpenMalaria ina hazina ya faili za majaribio ambazo majibu yake yamehifadhiwa. Mtu akigusa msimbo, majaribio huendeshwa upya, na jibu likibadilika lazima aeleze kwa nini. Ina pia zana ya kutafsiri faili za matoleo ya zamani ziweze kusomwa na toleo jipya, ili swali lililoulizwa miaka kumi iliyopita liweze kuulizwa tena leo. Hakuna waziri atakayekata utepe kwa sababu ya faili za majaribio. Lakini mimi nikiletewa modeli mbili, moja yenye hesabu za kuvutia bila majaribio na nyingine ya kawaida yenye majaribio mia, nitaichukua ya pili bila kusita.

Dunia iliona umuhimu wa msimbo ulio wazi na unaopimwa Machi 2020. Ripoti ya Chuo cha Imperial cha London, chini ya Neil Ferguson, ilitikisa sera za UVIKO-19 huko Uingereza, na msimbo uliozalisha makadirio yake ulikuwa haujawekwa hadharani. Watu walilalamika, na kwa haki. Baadaye toleo lililosafishwa lilitolewa, kisha Stephen Eglen wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliweza kurudia hesabu za ripoti hiyo na kupata matokeo yanayolingana. Modeli ile haikuwa ya ovyo, lakini imani iliyopotea katika majuma ya kungoja ilikuwa vigumu kuirudisha.

Uwazi una faida nyingine inayoigusa Sigino moja kwa moja. Kazi ya mwaka 2020 ilitazama halmashauri, na halmashauri ni kipimo kikubwa. Jirani na mji, katika Wilaya ya Babati, kuna Magugu, tambarare ya chini yenye joto na mashamba ya mpunga wa umwagiliaji. Kuna pia Bashnet, juu kwenye baridi. Watu, mazao na wafanyabiashara huzunguka baina ya maeneo hayo kila siku ya mnada. Mtaalamu wa Babati anayejua nani hulala Magugu wakati wa mavuno ana taarifa ambayo Basel haina. Kama programu ingekuwa ya kufungwa, angebaki kuomba. Kwa kuwa iko wazi, anaweza kuandika faili yake, akaweka wasafiri wake, akaiendesha kwenye kompyuta ya kawaida kwa idadi ndogo ya watu, na kuuliza swali la kata.

Ujuzi wa kufanya hivyo upo nchini. Ifakara ina watafiti wa modeli. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na wataalamu wanaochangia DHIS2, programu huria inayobeba takwimu za zahanati zetu. Taasisi ya Nelson Mandela iko Tengeru, safari ya nusu siku kutoka Babati. Kinachokosekana ni desturi ya kuihesabu kazi hii kuwa ni kazi. Mtahiniwa wa shahada ya uzamili akileta makala hupongezwa. Akileta jaribio lililofichua kosa katika programu inayopanga vyandarua vya nchi nzima, huulizwa makala iko wapi.

Kwa hiyo nina ombi kwa pande mbili. Vyuo vyetu viyapokee marekebisho ya msimbo yaliyokubaliwa katika programu huria za kisayansi kama sehemu halali ya kazi ya kitaaluma. Na halmashauri zetu, kila zinapoletewa makadirio ya modeli, zidai vitu vitatu pamoja na grafu: toleo la programu, faili za ingizo, na mbegu zilizotumika.