Hisia na Hesabu katika Hadaa ya Poka

Katika mchezo wa karata uitwao poka, kila mchezaji hushika karata ambazo wenzake hawazioni, kisha huweka dau. Mwenye karata dhaifu aweza kuweka dau kubwa kwa makusudi ili mpinzani wake aogope na kujitoa. Hiyo ndiyo hadaa. Je, mpinzani huyo aamini moyo wake unapomwambia kuwa anadanganywa?

Wengi hudhani kwamba bingwa husoma uso wa mwenzake. Sayansi haiungi mkono sana dhana hiyo. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha matokeo ya majaribio mengi kuhusu kutambua uongo, wakaona kwamba watu hupatia kwa wastani mara 54 katika 100. Kurusha sarafu kungepatia mara 50.

Hata hivyo hisia si upuuzi. Mwaka 2009 Daniel Kahneman na Gary Klein walieleza kwamba hisia ya mtaalamu huaminika pale mambo yanapofuata utaratibu fulani, naye akapata nafasi ya kujua kama alipatia au alikosea. Hapa ndipo poka huleta matata. Mchezaji akijitoa, kwa kawaida karata za mpinzani hazifunuliwi. Hukumbuka hadaa alizozifichua, lakini hajui ni ngapi zilizompita. Machale yake hayasahihishwi kikamilifu.

Hesabu husaidia. Tuseme mezani pana 100, na mpinzani ameongeza dau la 100. Mwenye karata zinazoweza kushinda hadaa tu hana budi kulipa 100 ili apate 200. Akishinda mara moja na kushindwa mara mbili, hapati wala hapotezi. Kwa hiyo hahitaji kuwa na hakika; yatosha uwezekano wa hadaa uzidi theluthi moja. Mpinzani mwerevu, kwa upande wake, atahadaa katika theluthi moja hasa ya madau yake ya namna hiyo, na mwenzake asijue la kufanya.

Msingi wa fikra hizi uliwekwa na mwanahisabati John von Neumann katika makala yake ya mwaka 1928, na katika kitabu alichokitoa pamoja na Oskar Morgenstern mwaka 1944. Januari 2017, huko Pittsburgh, Marekani, programu ya kompyuta iitwayo Libratus iliwashinda mabingwa wanne katika michezo 120,000. Ilihadaa vizuri bila kuona uso wa mtu.

Katika mashindano yenye zawadi, theluthi ile haitoshi. Aliyemaliza vibao vyake hutolewa, na mwenye vibao maradufu hapati zawadi maradufu. Zawadi zinapokaribia, kibao kinachopotea huwa na thamani kuliko kinachopatikana, na hisia ya kwamba mpinzani anahadaa yapasa iwe na nguvu zaidi kabla ya kufuatwa.