Tone la Damu Linalotembea Lenyewe

Mama, jioni hii tazama taa yako. Mafuta yako chini, moto uko juu, katikati ni utambi tu. Nani anayapandisha mafuta? Hakuna. Kati ya nyuzi za utambi mna njia nyembamba sana. Mafuta hushika kuta za njia hizo, na yale ya mbele huyavuta ya nyuma. Njia ikizidi kuwa nyembamba, kupanda nako kunazidi. Katika mrija wa kioo wenye tundu la milimita 1, maji hupanda sentimita 3 hivi. Tundu likiwa nusu ya hilo, hupanda sentimita 6. Katika kikombe huoni kitu, maana ni kipana mno.

Basi, hapa Kisangani mvua ni nyingi, na hakuna nyumba isiyoijua malaria. Ukimleta mtoto mwenye homa kituoni, muuguzi humchoma kidole, akagusisha mrija mdogo penye damu, nayo damu huingia bila kunyonywa. Wengine hunung'unika: "Tone hilo litaonyesha nini?" Linatosha. Ndani ya kile kipimo cha plastiki mna ukanda wa karatasi yenye vitundu vidogo mno. Muuguzi akidondosha maji ya kipimo, damu husafiri humo kama mafuta katika utambi. Njiani imewekwa dawa inayokamata alama za vijidudu vya malaria. Zikikamatwa, mstari hutokea penye herufi T, na hata ukiwa hafifu ni mstari. Ule wa C hutujulisha kwamba maji yamepita sawasawa. Usipoonekana, kipimo kirudiwe.

Safari hiyo ina dakika zake, 15 au 20 kwa kadiri ya aina ya kipimo. Usimharakishe muuguzi. Tena pakiti ifunguliwe mbele yako, saa ile ile ya kupima, kwa sababu karatasi hunywa unyevu wa hewa yetu ikaharibika.

Kama mtoto alitibiwa malaria majuma machache yaliyopita, sema, maana kwa vipimo vingi mstari wa T huweza kubaki ingawa amepona. Na kama T haikutokea, usidai dawa ya malaria: homa yaweza kuwa na sababu nyingine. Lakini mtoto akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege au akilegea asiamke, mpeleke hospitali upesi, hata kipimo kikisema hapana.