Soo moja imeenda wapi? Mafumbo ya hesabu ya kuchangamsha mabeshte Kitui na Makueni

Stima imepotea, simu iko karibu kuzima na story za siasa mmechapa mpaka zimeisha. Sasa mtafanya nini? Tegeaneni mafumbo. Ukambani hii si kitu kipya: mmoja anaita "Kwata ndai!", wenzake wanajibu "Nakwata!", mchezo umeanza. Haya ya leo yanataka hesabu kidogo, lakini usiogope.

1. Soo iliyopotea Wote

Wasee watatu wamekula nyama mjini Wote. Bili ni 3,000, kila mmoja anatoa thao. Baadaye mwenye hoteli anagundua bili ilikuwa 2,500, anampa weita 500 arudishe. Weita naye anaficha 200 mfukoni na kumrudishia kila mtu soo moja.

Kwa hivyo kila mtu amelipa 900. Mara tatu ni 2,700. Ongeza 200 za weita, unapata 2,900. Soo moja imeenda wapi?

Simama hapo kwanza, ujaribu.

Jibu: hakuna soo iliyopotea. Zile 2,700 ndizo 2,500 za hoteli pamoja na 200 za weita. Ukiongeza 200 tena, umezihesabu mara mbili. Cha kuongeza ni zile 300 walizorudishiwa, na hapo 3,000 inatimia.

Usicheke sana. Hesabu ya aina hii inaweza kumfanya mweka hazina wa chama aitwe mwizi na hajaguza hata shilingi. Kabla hamjakosana, uliza tu: pesa ilitoka kwa nani, na saa hii iko wapi? Jumlisheni pesa zilizoko, si maneno ya mtu.

2. Fisi, mbuzi na ndengu

Kuna sehemu ambapo mto Athi ndio mpaka wa Kitui na Makueni. Tuseme uko upande wa Kitui na fisi, mbuzi na gunia la ndengu, unataka kuvuka uende Makueni. Mtumbwi unakubeba wewe na kitu kimoja tu. Ukiacha fisi na mbuzi, mbuzi ameenda. Ukiacha mbuzi na ndengu, kwisha ndengu. Utavukaje?

Fumbo hili ni la zamani sana. Ulaya lilikuwa limeandikwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, kukiwa na mbwa mwitu, mbuzi na kabeji. Zanzibar nako kuna la chui, mbuzi na majani.

Jibu: vusha mbuzi, rudi peke yako. Vusha fisi, lakini rudi na mbuzi. Mwache mbuzi Kitui, vusha ndengu, rudi peke yako, kisha umalizie na mbuzi. Safari saba. Wengi hukwama kwa sababu hawataki kurudisha kitu ambacho kimeshavuka. Wanaona kama ni hasara.

Jinsi ya kucheza bila kuboesha wengine

Anayejua jibu anyamaze, hata kama linamwasha mdomoni. Akipewa nafasi, aeleze njia, si jibu peke yake. Mkishindwa wote, mpeni mtegaji mji, kama kwa vitendawili, ndio aseme. Na mtoto akikosea msimcheke: akichekwa leo, kesho ataogopa hesabu hata darasani.

La kwenda nalo nyumbani

Mzee ameacha mbuzi 17. Kifungua mimba apate nusu, wa pili theluthi, kitinda mimba sehemu moja ya tisa, na hakuna kuchinja. Vijana wako karibu kupigana. Jirani anakuja akivuta mbuzi wake mmoja, anamchanganya na wale 17, wanagawana vizuri, na jioni anarudi kwake na mbuzi wake yule yule.

Aliwezaje? Kwata ndai!