Mpenzi akishikwa Nairobi nawe uko Doha: Hivi ndivyo unavyoweza kumsaidia

Simu imezimwa tangu Ijumaa jioni. Ujumbe wa WhatsApp umebaki na tiki moja. Jumamosi mchana namba ngeni inapiga: jamaa ameshikwa, tuma elfu kumi sasa hivi atolewe kabla ya Jumatatu.

Mwanamke anayefanya kazi za nyumbani Doha huenda akapata simu hiyo akiwa jikoni kwa mwajiri, na ana dakika tano tu za kuongea. Mpenzi wake yuko Nairobi, kwenye seli asiyoijua. Kitu cha kwanza kinachomjia kichwani ni kutuma pesa. Hapo ndipo wengi huliwa.

Kosa lenyewe mara nyingi ni dogo: ulevi na fujo, kuchuuza bila leseni, ugomvi wa baa. Mtu analala ndani siku tatu, wiki mbili, pengine miezi miwili. Lakini siku hizo chache zinaweza kumgharimu nyumba, kazi na hata uhusiano ikiwa hakuna anayeshikilia mambo huku nje.

Ajulikane yuko wapi kwanza

Shilingi isitumwe kabla swali hili halijajibiwa, na jibu lisitoke kwa aliyepiga simu. Atafutwe mtu wa kuaminika aliye Nairobi, mwenye kitambulisho, aende kituoni kwa miguu yake. Anauliza mambo matatu: je, yuko hapa, anashtakiwa kwa nini, na namba ya OB ni gani. OB ni kile kitabu cha matukio cha polisi, na namba hiyo ndiyo itakayotumika kumfuatilia popote atakapohamishwa.

Aliyeshikwa Eastleigh anaweza kuwa Pangani au Kamukunji. Mchuuzi aliyebebwa na kanjo anaweza kufikishwa korti ya City Hall bila hata watu wake kujua. Kwa hiyo isiwe ajabu aliyetumwa akizunguka vituo viwili au vitatu.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa, haki ya kunyamaza, na haki ya kuwasiliana na wakili au mtu mwingine ambaye msaada wake unahitajika. Ni lazima afikishwe kortini ndani ya saa 24. Kuna mtego hapo: saa 24 zikiisha wakati korti zimefungwa, muda unasogea hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana Wakenya huzungumzia "kamata kamata Friday". Anayeshikwa Ijumaa usiku anaweza kukaa hadi Jumatatu na sheria isiwe imevunjwa.

Polisi wenyewe wanaweza kumwachilia kwa bondi kabla ya korti. Bondi ya polisi ni bure. Akiachiliwa kwa dhamana ya pesa taslimu, risiti lazima itolewe. Afande anayetaka pesa kwa namba yake binafsi bila risiti haombi dhamana, anaomba kitu kingine.

Na kama kosa linaadhibiwa kwa faini tu, au kwa kifungo kisichozidi miezi sita, Katiba inasema mtu huyo hafai kuwekwa rumande. Wengi wanaofungiwa kwa makosa madogo hawajui hilo, wala wapenzi wao.

"Kiri tu urudi nyumbani"

Ushauri huu huzunguka sana seli za polisi, na ndio ambao mtu aliye mbali anapaswa kuupinga mapema, kupitia yule aliyetumwa kituoni. Siku ya kwanza kortini mshtakiwa husomewa shtaka na kuulizwa kama ni kweli. Amechoka, hajaoga, ameambiwa akikubali atapigwa faini ndogo aende zake. Anakubali.

Kukubali ni hatia. Hatia ni rekodi. Rekodi ikitokea kwenye cheti cha tabia njema kinachotolewa na DCI, mipango ya kumfuata mpenzi Ghuba inaweza kufia hapo, kwa sababu waajiri na mawakala huulizia cheti hicho. Kama kweli alikosa, kukiri kuna nafasi yake. Kama hakukosa, siku chache zaidi za kusubiri dhamana ni bei ndogo.

Asiye na uwezo wa wakili anaweza kuomba msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, au kwa Kituo cha Sheria, shirika ambalo limefanya kazi hii tangu 1973.

Tangu corona ya 2020, korti nyingi za Kenya zimekuwa zikisikiliza baadhi ya kesi mtandaoni, na kiungo huwekwa kwenye orodha ya kesi za siku. Doha na Nairobi ziko saa sawa, kwa hiyo aliye Qatar anaweza kuingia, azime maikrofoni na asikie mwenyewe hakimu amesema nini. Ni afadhali kuliko kusimuliwa na mtu wa tatu.

Risiti iandikwe jina la nani?

Swali hili huonekana dogo hadi kesi iishe. Dhamana ya pesa taslimu hurudishwa mshtakiwa akihudhuria kesi hadi mwisho, lakini hurudishwa kwa aliyeilipa. Pesa zikitoka Doha, zikalipwa na rafiki, risiti ina jina la rafiki. Kama ni mtu wa "nitakutumia kesho", ni heri ijulikane mapema. Picha ya risiti itumwe siku hiyo hiyo, na ile halisi iwekwe mahali salama.

Akifungwa kwa kukosa faini

Hapa ndipo mtu aliye mbali ana nguvu kuliko anavyodhani. Sheria ya makosa ya jinai imeweka kikomo cha kifungo kwa anayeshindwa kulipa: faini isiyozidi Sh500 ni siku 14, hadi Sh2,500 ni mwezi mmoja, hadi Sh15,000 ni miezi mitatu, hadi Sh50,000 ni miezi sita.

Lango halijafungwa baada ya hukumu. Faini ikilipwa hata katikati ya kifungo, mtu anatoka. Na siku alizokwisha kutumikia huhesabiwa. Aliyepigwa Sh15,000 au miezi mitatu, akiwa amemaliza mwezi mmoja, anabakisha takriban Sh10,000. Hesabu kamili hupigwa na ofisi ya kumbukumbu ya gereza, kwa hiyo aulizwe afisa wa huko kabla pesa hazijachangwa.

Kifungo kinachozidi mwezi mmoja pia hupunguzwa kwa theluthi moja kwa mwenye nidhamu, ila kwa baadhi ya makosa mazito. Anayetaka kukata rufaa kutoka korti ya hakimu ana siku 14.

Barua, shemeji na kimya

Simu ya mkononi hairuhusiwi gerezani. Simu ikitoka "ndani" usiku wa manane ikiomba pesa, ni utapeli au ni shida mpya. Mawasiliano ya kawaida hupitia wageni wanaomtembelea na barua, na barua husomwa na maafisa. Hilo halizuii maneno ya mapenzi, lakini habari za kesi ziachiwe wakili.

Wapenzi ambao hawajaoana wana tatizo lao: familia ya mwanaume huenda haimjui huyu wa Doha. Kitu kinachosaidia ni kuwa na shemeji mmoja, si kikundi kizima. Ndugu mmoja anayekwenda Industrial Area siku ya wageni, anabeba salamu, anarudi na jibu. Kabla mama mzazi hajaambiwa au habari haijatupwa kwenye kikundi cha familia, huyo shemeji amuulize mwenyewe anataka nani ajue. Mtu aliyepoteza uhuru wake aachiwe angalau uamuzi huo.

Orodha ya mambo ya nje haingoji. Kodi ya nyumba tarehe tano. Landilodi aelezwe kabla hajabadilisha kufuli. Mwajiri apigiwe, hata kwa maneno machache kwamba kuna dharura ya familia. Mikopo ya simu inaendelea kuzaa hata kama laini imezimwa, na huyo wa nje hawezi kuilipa bila kujua ni mingapi, hivyo shemeji aulize pia hilo. Asiombe PIN.

Aliye mbali naye ana mipaka. Mshahara wa Doha una watu wengine nyumbani wanaoutegemea. Kusema "natuma elfu tano, si zaidi" mapema ni bora kuliko kuahidi yote kisha kuzima simu. Na kama alishikwa kwa kumpiga mtu, hasa mwanamke, huyo wa Doha ana haki ya kufikiria upya kama anataka kuendelea. Huo si usaliti.

Siku ya kutoka

Wengi hutarajia simu ya furaha mchana huo. Mara nyingi haiji. Simu yake haina chaji, nguo zina harufu ya seli, na ana aibu. Siku mbili za kimya hazimaanishi ameacha kupenda.

Akipiga, maswali ya nani alimwona na alikula nini yanaweza kusubiri. Wapo wanaoshtuka mlango ukigongwa, wapo wasiolala taa ikizimwa. Anayetoka seli iliyojaa watu anaweza kurudi na upele, na kikohozi kikizidi wiki mbili aende kupimwa TB. Matibabu yake katika hospitali za umma ni bure.

Kazi ya wiki ya kwanza isiwe kutafuta ajira. Iwe kurejesha laini, kuangalia deni, kulala. Ila kama yuko nje kwa dhamana, tarehe ya kesi iwekwe kwenye simu zote mbili, ya Nairobi na ya Doha. Akikosa siku moja tu, hakimu anaweza kutoa kibali cha kumkamata na ile pesa ya dhamana ikapotea. Kesi ikiisha vizuri, aliyetajwa kwenye risiti ndiye atakayerudi kortini na risiti halisi na kitambulisho kuiomba.